Tukirudishie Kinamasi cha Ondiri Maji Yake

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Methali hii tulifundishwa tangu shule ya msingi, tukaiandika katika insha nyingi, tukapewa alama zake, kisha tukaisahau. Mwaka huu nimeamua kuirudia kwa sababu kuna mwiba mmoja uliodharauliwa huku kwetu Kikuyu, nao si mwingine ila kinamasi cha Ondiri. Ewe msomaji wa jarida letu, naomba unitegee sikio hata kama unakaa mbali na hujawahi kukanyaga tope lake, kwani jambo hili linakuhusu wewe pia.

Ondiri kiko katika Kaunti ya Kiambu, karibu na mji wa Kikuyu, yapata kilomita 20 kutoka katikati ya jiji la Nairobi. Ukipita na matatu ukiwa na haraka zako, utaona uwanja wa kijani kibichi, matete yamesimama wima na ndege wakirukaruka, nawe utadhani ni malisho ya ng'ombe. Thubutu! Hapo chini hakuna ardhi ya kusimama. Kuna maji, na juu ya maji kuna mkeka mnene wa mizizi na majani yaliyosukana miaka nenda miaka rudi. Ukiukanyaga mkeka huo unatikisika kama kitanda cha springi, na mtu aliyesimama hatua kadhaa kutoka kwako atajua kwamba umeruka. Wataalamu hukiita kinamasi kinachotikisika, na mara nyingi hukitaja kuwa cha pekee cha aina yake hapa nchini.

Nyanya yangu, aliyezaliwa na kuzeekea karibu nacho, hutusimulia kwamba walipokuwa wadogo walikatazwa kabisa kwenda huko. Ng'ombe akiingia ndani kufuata nyasi changa, wanaume waliitana na kuleta kamba. Kamba ikichelewa, ng'ombe alikwenda na kengele yake shingoni. Kwa hivyo watu wa zamani walikiheshimu Ondiri kwa kukiogopa. Sisi wa siku hizi hatukiogopi tena, na heshima nayo imekwenda.

Sasa utaniuliza, ndani ya kinamasi kuna nini cha maana kuliko matope na vyura? Swali zuri. Kwa kawaida jani likianguka, wadudu na viini huanza kulila mpaka likawa vumbi. Lakini viini hivyo vinahitaji hewa. Mahali palipojaa maji siku zote, hewa haifiki vizuri, kwa hiyo jani halimalizwi. Linalaliwa na jani lingine, na hilo nalo linalaliwa na lingine, mpaka inapatikana mboji nyeusi yenye nyuzinyuzi, laini kama keki iliyolowa chai. Hiyo ndiyo mboji ya kinamasi. Hukua polepole mno, kwa kawaida kama milimita moja hivi kwa mwaka. Hebu piga hesabu. Mita moja ya mboji ni kazi ya miaka 1,000. Mtu akichimba mtaro wa mita moja katika kinamasi, amekata miaka elfu moja kwa jembe, na amemaliza kabla ya chai ya saa nne.

Fauka ya hayo, mboji hiyo ni ghala. Mmea unapokua huvuta hewa ya kaboni kutoka angani na kuifanya mwili wake. Mmea ukizama bila kuoza, kaboni inabaki imefungiwa humo chini ya maji. Nchi zenye mboji ya namna hii ni kama asilimia 3 tu ya ardhi yote ya dunia, lakini zimehifadhi kaboni zaidi ya mara mbili ya ile iliyo katika miti ya misitu yote ukiijumlisha. Katika bonde la Kongo, mwaka wa 2017, wanasayansi walitangaza kwamba chini ya misitu yenye maji kuna mboji iliyoenea zaidi ya kilomita mraba 145,000, yenye kaboni inayokadiriwa kuwa tani bilioni 30. Ondiri chetu ni kama hekta 30 tu. Ukikilinganisha na Kongo ni tone katika ndoo. Lakini tone hilo ndilo letu, na lina kazi nyingine ambayo Kongo haiwezi kutufanyia.

Kazi hiyo ni mto. Ondiri ndicho chanzo cha Mto Nairobi. Maji yanayotoka hapa yakiwa safi huteremka, yakapita katikati ya jiji, yakapita Gikomba, yakaelekea Dandora, yakaungana na Mto Athi. Athi nao huko chini huitwa Galana, kisha Sabaki, na humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kwa hivyo ndugu yetu wa Malindi anayetupa wavu mlangoni mwa mto ni jirani yetu, ingawa hatujawahi kuamkuana.

Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira kuanzia mwaka wa 2008, alishika kazi ya kusafisha Mto Nairobi kwa mikono miwili, na leo kuna bustani jijini kando ya mto huo inayoitwa kwa jina lake. Nampongeza. Lakini mto hausafishwi kwa kufagia sehemu ya chini peke yake. Mtu anayefua shati huanza na kola.

Je, Ondiri kimepatwa na nini? Madhara yake hayakuja kwa siku moja. Kwanza watu walilima mpaka ukingoni, kisha wakachimba mitaro ili maji yatoke na mboga zisioze mizizi. Wengine walipanda mikaratusi, mti unaokunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Halafu zikaja mashine za kupiga maji kwa ajili ya kunyunyizia mashamba. Mji nao ukakua, na pamoja na mji yakaja maji machafu. Kila mmoja alichukua kidogo chake. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo, lakini haba na haba hukimaliza pia.

Katika likizo ya Aprili nilifanya jaribio langu dogo. Nilitafuta mkebe wa mafuta ya kupikia, ule wa kilo moja, nikaujaza mboji yenye maji niliyoitoa chini ya mtaro wa zamani. Nikaimimina juu ya kitambaa, nikakifunga na kukikamua. Zilitoka karibu vikombe viwili vya maji yenye rangi ya chai ya rangi. Kisha nikaanika ile mboji juu ya paa la mabati kwa muda wa wiki mbili. Ilisinyaa hata haikufika nusu ya mkebe, ikawa nyepesi kama kizibo. Nikasema, haya, sasa nikurudishie maji yako unywe. Nikayamwaga juu yake. Ajabu ni kwamba maji hayakuingia! Yaliteleza kama yanavyoteleza juu ya jani la nduma. Donge moja lililobaki nililitia juu ya makaa. Halikutoa mwali wowote, lakini lilifuka moshi jioni nzima mpaka Mama akauliza, "Kwani leo tunapikia matope?"

Kutokana na mkebe ule nilijifunza mambo matatu, ambayo baadaye mwalimu wetu wa Jiografia aliyathibitisha.

La kwanza, kinamasi ni sifongo. Hushika maji wakati wa mvua na kuyaachilia polepole wakati wa kiangazi. Ukikimaliza, mvua ikija maji yote yanateremka mara moja, na kiangazi kikija mto unabaki mawe. Sisemi kwamba Ondiri peke yake kingeweza kuzuia mafuriko yaliyowatesa watu wa Nairobi mwezi wa Aprili na Mei mwaka wa 2024. Mvua ile ilikuwa kubwa mno. Lakini kila sifongo inayokaushwa huko juu ni ndoo nyingine inayomwagwa huko chini.

La pili, mboji iliyokauka husinyaa na ardhi hushuka. Huko Uingereza, mahali paitwapo Holme Fen, nguzo ya chuma ilisimikwa katika miaka ya 1850, wakati ziwa la karibu lilipokaushwa ili watu walime. Kichwa cha nguzo kilikuwa sawa na uso wa ardhi. Leo nguzo hiyo imesimama karibu mita nne juu. Nguzo haikuota kama mti. Ardhi ndiyo iliyoshuka. Hata huku kwetu kuna kigingi cha saruji katika mpaka wa shamba moja ambacho Mama anakumbuka kikimfika magotini. Siku hizi kinamfika kiunoni.

La tatu, mboji ikikauka hewa huingia, viini huamka, na ile kaboni iliyolala maelfu ya miaka hurudi angani. Na moto ukiingia huko ni balaa. Mwaka wa 2015 nchini Indonesia, moto uliingia katika ardhi ya mboji iliyokuwa imekaushwa kwa mitaro, na moshi wake ukasumbua hata watu wa nchi jirani. Mwaka uliofuata serikali yao ikaunda shirika maalum la kurudisha ardhi hizo katika hali yake. Kumbe hata serikali kubwa hungoja moshi uingie machoni ndipo iamke.

Mpaka hapa ungeweza kudhani kwamba dawa ni rahisi. Tuwafukuze wakulima, tupande miti, tupige picha, twende nyumbani. Mimi siwezi kuandika hivyo, na nitakueleza sababu. Aisifuye mvua imemnyea.

Mama yangu amekodi kipande cha shamba, robo ekari, kinachoteremka mpaka ukingoni mwa kinamasi. Anapanda sukuma wiki, spinachi na kabichi. Kiangazi kikali kikija, wenzake walio huko juu wakilia, yeye bado anavuna, kwa sababu chini pana maji. Mboga hizo ndizo zinazolipa chakula changu cha mchana hapa shuleni, na ndizo zilizomnunulia ndugu yangu mdogo viatu vya kuanza shule. Kwa hivyo siwezi kusimama jukwaani nikawatukana wanaolima Ondiri. Mimi nimekula Ondiri.

Mwaka jana wazee wa mtaa pamoja na vijana fulani walikuja shambani na futi ya kamba. Nilikuwapo, ilikuwa Jumamosi. Walipima kutoka ukingoni, wakaweka vijiti, kisha mzee mmoja akasema kwa upole, "Mama Shiru, tunaomba huu upande wa chini uachwe upumzike. Mistari yote mpaka pale penye kijiti."

Mama aliegemea jembe lake. "Sawa, mzee. Na huyu msichana atakula vijiti?"

Kijana mmoja akaanza kueleza habari za hali ya hewa ya dunia. Mama akamwacha amalize, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka.

"Kijana wangu, usinifundishe kwamba Ondiri kinakufa. Mimi nimekiona kikifa kabla yako. Nilipokuja hapa nilikuwa nachimba na kidole maji yanatoka. Sasa nachimba na jembe. Lakini hapo juu kuna mashine tatu zinavuta maji mchana na usiku, na sijaona mtu akienda huko na futi. Mnaanza na mimi kwa sababu mimi niko na jembe. Ningekuwa na mashine, mngenipigia simu kwanza."

Hakuna aliyejibu. Mzee yule alikunja futi yake polepole. Nami nilirudi nyumbani nikiwa na mawazo mawili yaliyokuwa yakipigana kama fahali, na ziumiazo zilikuwa nyasi za kichwa changu. Vijana wale walikuwa wakisema kweli. Mama naye alikuwa akisema kweli.

Jibu lililonitosheleza kidogo nililipata katika habari za nchi jirani. Kaskazini mwa Rwanda kuna kinamasi kikubwa cha mboji kiitwacho Rugezi, kilicho katikati ya vilima, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Maji yake huingia katika Ziwa Burera, kutoka hapo yakateremka hadi Ziwa Ruhondo, na kati ya maziwa hayo mawili kuna kituo cha umeme cha Ntaruka. Watu walichimba mitaro ndani ya Rugezi ili walime. Vilima vya kandokando vililimwa bila matuta, udongo ukamomonyoka. Mvua nazo zikapungua, na kituo chenyewe hakikuendeshwa vizuri. Ilipofika mwaka wa 2004, maji ya Burera yalikuwa yameshuka vibaya, umeme ukakosekana, na nchi ikalazimika kutumia jenereta za dizeli kwa gharama kubwa. Hapo ndipo kinamasi kilichodharauliwa kikaingia katika mazungumzo ya mawaziri.

Serikali ya Rwanda ilikomesha kilimo na uchimbaji wa mitaro ndani ya Rugezi. Mwaka wa 2005 kinamasi hicho kikaingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu. Maji yakarudi, Ntaruka ikapata nguvu tena, na mwaka wa 2010 Rwanda ikatunukiwa tuzo ya kimataifa kwa kazi hiyo.

Lakini habari haiishii hapo. Waliotolewa bondeni walipoteza mashamba na nyasi za mifugo, na wengi waliumia. Nchi haikuweza kuwaambia tu kwamba poleni. Ilibidi kutengeneza matuta juu ya vilima ili mashamba ya huko yazae zaidi, kupanda ukanda wa nepia na mianzi kuzunguka kinamasi, kusaidia watu kufuga nyuki, na kuwaletea meko yanayotumia kuni chache. Nilipoyasoma hayo nilijiambia kwamba Mama angekuwa Rwanda angeuliza swali lile lile, na angejibiwa kwa mizinga ya nyuki.

Basi msomaji, somo ninalolitoa kwangu ni hili. Kinamasi hakirudishwi kwa kupandwa miti peke yake. Kinarudishwa kwa kuachiwa maji yake, na maji hayawezi kubaki kama yule anayeyategemea hakupewa kitu kingine cha kushika mkononi. Ukimnyang'anya jembe mchana, atarudi nalo usiku.

Na maji yachungwe kutoka pande zote. Mama alikuwa na haki kuhusu zile mashine. Sheria ya Mazingira ya mwaka wa 1999 inakataza mtu kukausha ardhi oevu bila idhini ya serikali, na Sheria ya Maji ya mwaka wa 2016 inataka mtu anayechukua maji kwa mashine awe na kibali. Kwa hivyo futi ipime jembe, na ipime bomba pia. Sheria inayomwona aliyeinama tu ni nusu ya sheria.

Huku kwetu kazi imeanza. Wakazi walijiunga katika kikundi kiitwacho Friends of Ondiri Wetland Kenya, na pamoja na wengine wamepanda miti ya kienyeji na mianzi kukizunguka kinamasi. Mianzi ina mizizi mingi inayoshika udongo usiteremke na maji ya mvua. Mimi pia nimetia mkono wangu. Wakati wa likizo ya Agosti, wanafunzi kadhaa tuliungana na vijana wa mtaa kuziba mtaro mmoja wa zamani. Hatukuujaza wote. Tuliuziba mahali patatu kwa magunia ya mchanga na vigingi vya mianzi, kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini, kama vidato vya ngazi, ili maji yasisukume ukuta mmoja kwa nguvu zake zote. Tulichafuka tukafanana na viboko. Mvua zilipokuja, maji yalisimama nyuma ya magunia, na baada ya wiki chache matete yalikuwa yameanza kuchipuka katikati ya mtaro bila mtu yeyote kuyapanda. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Kinamasi kikipata maji kinajua chenyewe la kufanya.

Na Mama je? Baada ya mazungumzo marefu, mengine ya chai na mengine ya hasira, aliacha mistari sita ya chini. Upande wa juu zaidi wa vile vijiti alipanda nepia, anayoikata na kuwauzia majirani wenye ng'ombe wa maziwa. Aliahidiwa pia kwamba miche ya kienyeji atakayoiotesha nyumbani itanunuliwa. Mpaka sasa amenunuliwa miche mara moja. Pesa hazijafikia zile za kabichi, nisikudanganye. Kuna wiki ambazo nilikuja shuleni na githeri katika mkebe kwa sababu pesa ya chakula cha mchana haikuwa imetimia. Ile miche ikinunuliwa kama walivyoahidi, tutafika. Isiponunuliwa, sijui nitamwambia Mama nini akiangalia ile mistari sita. Kuhusu mashine, moja iliondolewa. Mbili bado zinanguruma, nami hulisikia sauti yake nikifanya kazi ya ziada usiku.

Ndiyo maana naandika makala haya katika jarida la Chama cha Kiswahili. Wenzangu wengi hudhani mazingira ni kazi ya chama cha wanyama pori na sisi kazi yetu ni mashairi. La hasha! Anayejua kuzungumza ndiye anayeweza kuwakalisha pamoja mwenye jembe, mwenye mashine na mwenye futi.

Kwa hivyo nawaomba nyinyi wanafunzi wenzangu mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Tukiwa nyumbani, tukinge maji ya mvua kutoka paani badala ya kuyaacha yakimbie, ili tusitegemee bomba la kutoka kinamasini. Ukiona mtaro mpya unachimbwa katika ardhi oevu, uliza una idhini ya nani, na uulize kwa adabu. Wazazi wetu wasishauriwe kupanda mikaratusi karibu na maji. Na siku mtakapokuja Ondiri kupanda miti, nunueni miche kwa akina mama waliouacha ukingo, msije na miche ya kutoka mbali ndani ya lori. Kwa wale wakubwa wanaosoma jarida hili, ombi langu ni moja tu. Ahadi mnazozitoa shambani mzitimize, kwa maana mtoto huwa amesimama hapo kando akisikiliza.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Walisema kweli, nami nimeliona hilo kwa mkebe wangu juu ya paa. Lakini ya Ondiri bado hayajamwagika yote.